Kisima kifupi, kisima kirefu au maji ya mvua kwa kiwanja cha ishirini kwa ishirini

Kazi yangu ni kupima maji ya ardhini na kufuatilia uchafu unavyosafiri ndani yake. Kwa hiyo haipiti mwezi bila mtu kunipigia simu na swali lile lile: "Nichimbe kifupi au kirefu?" Mara nyingi anayeuliza amejenga pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika, Goba, Mbagala au Kigamboni, mahali ambapo bomba ama halijafika, ama linatoa maji siku mbili kwa wiki. Wengine waliamua kuchimba baada ya mgao wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na watu wakapanga foleni ya ndoo usiku kucha. Na wengi hunipigia wakiwa wameshamlipa fundi malipo ya awali.

Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja. Naongeza na njia ya tatu ambayo wengi hawaihesabu kabisa: mvua inayoanguka juu ya bati lao wenyewe.

Tuelewane kwanza uchafu unavyotembea

Chini ya uwanja wako hakuna ziwa. Kuna mchanga na mfinyanzi, na katikati ya punje kuna nafasi ndogo zilizojaa maji. Maji hayo hayatulii. Yanasogea polepole kutoka upande ulioinuka kwenda ulioshuka, mara nyingi kuelekea mtoni au baharini. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alitoa kanuni ya mwendo huo mwaka 1856, na hadi leo ndiyo tunayoitumia: kasi hutegemea mteremko wa maji yenyewe na wepesi wa udongo kuyapitisha.

Tupige hesabu moja. Chukua mchanga wa kawaida unaopitisha maji mita 10 kwa siku pale mteremko unapokuwa kamili, yaani mita 1 kwa kila mita 1, na nafasi kati ya punje ziwe robo ya ujazo wake. Mteremko halisi chini ya mtaa uwe mita 1 kwa kila mita 100. Kwa mteremko huo mchanga utapitisha sentimita 10 kwa siku, lakini maji yanapita kwenye ile robo tu ya nafasi, kwa hiyo yatasogea mara nne ya hapo: sentimita 40 kwa siku. Shimo la choo likiwa mita 30 kutoka kisimani, safari ni siku 75. Likiwa mita 12, ni siku 30.

Siku hizo ni uhai. Vijidudu vingi vya kinyesi hunaswa kwenye punje za udongo au hufa vikiwa njiani, na muda ndio unaovimaliza. Uingereza, eneo la ndani kabisa la kulinda kisima cha umma huchorwa kwa kuhesabu siku 50 za safari ya maji. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada kambini, unataka angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini.

Sasa washa pampu. Kisima kinaponyonya, maji yanayokizunguka huinamia kwake na mteremko unaongezeka. Ukifika mita 5 kwa kila 100, maji yatasogea mita 2 kwa siku kwenye mchanga ule ule. Zile mita 12 zinamalizwa kwa siku 6. Choo hakijasogea, kisima hakijasogea, lakini wamekuwa majirani wa karibu zaidi kuliko walivyokuwa siku kisima kilipochimbwa.

Si kila uchafu unakubali kunaswa. Mkojo una naitrojeni nyingi, na bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti. Naitreti haishiki kwenye punje za mchanga wala haichoki njiani. Inakwenda kwa mwendo wa maji yenyewe hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni vizuri. Kuichemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, naitreti inabaki sufuriani, na kila lita iliyosalia inakuwa nayo zaidi.

Kisima kifupi

Mwaka fulani, baada ya masika, nilikwenda kupima kisima cha nyumba moja Mbagala. Kilikuwa cha kuchimbwa kwa mikono, kimejengewa ringi za zege, na maji yalikuwa karibu kiasi kwamba kamba ya ndoo haikuzidi urefu wa mtu mara tatu. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa anakipenda kisima chake na alikuwa na haki ya kukipenda. Kilimtoa kwenye foleni.

"Shikamoo mama. Choo chenu kiko upande gani?"

"Marahaba mwanangu. Hapo nyuma ya jiko. Lakini haya maji ni matamu, onja uone. Si ya chumvi kama ya kule bondeni."

Nilihesabu hatua kutoka kisimani hadi kwenye mfuniko wa choo: kumi na nne. Halafu nikachungulia juu ya ukuta. Choo cha jirani kilikuwa hatua tisa kutoka kisima kile kile, upande wa juu wa mteremko. Huyo hakuwahi kuhesabiwa, kwa sababu fundi alipima ndani ya ukuta tu. Nilichovya ukanda wa kupimia naitreti. Ukaiva pinki hadi rangi ya mwisho kabisa kwenye kadi ya kulinganishia. Nikajaza na kichupa cha kupimia bakteria wa kinyesi, kile ambacho maji yake hugeuka meusi wakiwepo, nikamwachia dirishani. Asubuhi alinitumia picha. Kilikuwa cheusi kama wino.

Maji yalikuwa matamu kweli. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote katika kazi hii: naitreti haina ladha, bakteria hawana ladha, na mtu anaamini ulimi wake.

Kisima kifupi kina sifa zake na sitaki kuzificha. Ni rahisi. Umeme ukikatika, ndoo na kamba vinafanya kazi. Kikipungua maji, fundi anashuka na kukiongeza kina. Kijijini, kwenye shamba la ekari kadhaa, ukikiweka upande wa juu wa choo na zizi, ukakijengea sakafu ya zege, mfuniko na pampu ya mkono, kitakuhudumia miaka mingi.

Tatizo ni mjini. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita 28 tu kutoka pembe hadi pembe. Maana yake hata ukiweka choo kwenye kona moja na kisima kwenye kona iliyo mkabala nayo, mita 30 hazipatikani. Na bado hujahesabu majirani, wanaoweza kufika wanane, kila mmoja na shimo lake. Masika yakija, maji ya ardhini hupanda na kuingia mashimoni, na wako watu ambao hungoja mvua kubwa ili watapishe vyoo. Siku hizo kile kichujio cha mchanga kinarukwa kabisa, kwa sababu uchafu unapita juu ya ardhi na kuingia kisimani kwa mdomo.

Kwa hiyo mjini kisima kifupi nakihesabu kuwa maji ya kufulia, kudekia na kumwagilia. Klorini itaua bakteria, mradi maji si ya tope na unasubiri nusu saa, lakini naitreti haiigusi.

Kisima kirefu

Faida ya kisima kirefu haiko kwenye mita zake. Iko kwenye mfinyanzi. Maeneo mengi ya Dar es Salaam yana tabaka la mchanga juu, chini yake mfinyanzi, halafu mchanga mwingine wenye maji. Mfinyanzi hupitisha maji kwa shida mno, kiasi kwamba kilichomwagwa juu yake kinaweza kuchukua miaka mingi kufika chini. Ukichota chini ya mfinyanzi huo, unachota maji yaliyosafiri muda mrefu.

Lakini tundu la kisima limetoboa mfinyanzi wenyewe. Likiachwa bila kuzibwa, umejijengea ngazi ya kuteremshia maji machafu hadi kwenye maji safi. Ndiyo maana sehemu ya juu, kati ya bomba la kisima na udongo, lazima ijazwe saruji au udongo maalumu wa bentonaiti, unaovimba ukilowa. Changarawe iwe chini tu, mkabala na sehemu yenye matundu.

Hili nalisema kwa uchungu. Familia yetu ilichimba kisima kirefu, tukalipa kwa mita, na tulipokuja kupima tulikuta naitreti sawasawa na ya visima vifupi vya mtaani. Waliochimba walikuwa wameweka bomba lenye matundu juu na chini, ili maji yawe mengi na sisi tufurahi siku ya majaribio. Changarawe nayo ilijazwa hadi karibu na uso wa ardhi. Tulilipia kina, tukapewa maji ya juu. Tangu hapo namwambia kila mtu: simama pale siku mabomba yanaposhushwa, omba karatasi ya matabaka ya udongo waliyokutana nayo, hesabu mabomba yenye matundu na uone yanakaa kwenye tabaka lipi, kisha uone saruji ikimwagwa kwa macho yako. Fundi mzuri hakasiriki ukisimama hapo. Na kibali cha bodi ya maji ya bonde, kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu, kipatikane kabla mashine haijafika.

Adui wa pili ni bahari. Maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo ufukweni huelea juu yake chini ya ardhi. Wataalamu wawili, Badon Ghyben wa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1880 na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha uwiano: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari husukuma chumvi mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hurudi kinyume pia. Ukishusha maji baridi mita 1 kwa pampu na ukaendelea hivyo, chumvi itapanda hadi mita 40. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na asilimia moja au mbili tu zikichanganyika kisimani, ulimi unaanza kulalamika. Hapa angalau ulimi unasema kweli, ila unasema umechelewa.

Kwa hiyo Masaki, Msasani, Kunduchi na ukanda wa pwani ya Kigamboni, kuongeza kina kwa kawaida ni kuifuata chumvi. Pale unachota kidogo kidogo, kwa pampu ndogo, na kupumzisha. Tofauti kubwa ni Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, ambako matabaka marefu yana maji baridi mengi na Serikali imechimba visima virefu kwa ajili ya jiji. Lakini kina cha visima vile si cha mtu na mashine ya kukodi.

Maji ya mvua

Watu husikia mvua wakafikiria pipa chini ya bati na viluwiluwi ndani yake. Naomba tupige hesabu kabla ya kuikataa.

Dar es Salaam hupata mvua ya takriban milimita 1,000 au zaidi kidogo kwa mwaka. Bati la mita za mraba 100, hata ukipoteza sehemu ya tano, litakusanya kama lita 80,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, simtanki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika litadumu siku 166. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni siku 122. Vuli zikichelewa, bado una mwezi na zaidi mkononi.

Na mvua haijapita chini ya choo cha mtu. Haina naitreti ya jirani wala chumvi ya bahari, wala haina floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba. Uchafu wake unatoka juu ya paa: vumbi, majani, kinyesi cha ndege na popo. Huo unaudhibiti mwenyewe. Milimita ya kwanza ya mvua baada ya kiangazi iache imwagike, yaani lita 100 kwa bati hilo, kwa kufunga bomba la wima lenye kizibo kabla ya tangi. Gata zisafishwe, tundu la juu liwekewe wavu wa mbu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Paa lenye rangi ya zamani inayobanduka usilitumie kwa kunywa, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Udhaifu wake ni mmoja na hauzungukiki: hayatoshi kuoga, kufua na kuvuta choo mwaka mzima, isipokuwa uwe na tangi kubwa sana.

Ukitoka Dar es Salaam, hesabu inageuka

Unguja na Mombasa, sehemu kubwa ya ardhi ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango madogo. Maji hayachujwi na punje, yanakimbia ndani ya nyufa. Siku 75 zangu za mchangani zinaweza kuwa chache mno pale, na mita 30 haziwezi kuaminika. Kwenye jiwe la namna hiyo nisingechota maji ya kunywa bila klorini ya kila siku, kisima kiwe kifupi au kirefu.

Arusha na miteremko ya Meru, tatizo halitoki chooni. Linatoka kwenye miamba ya volkeno, iliyo na floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko vyanzo huko vinavyopita hapo mara nyingi. Watoto wanaota meno ya kahawia, na waliokunywa sana kwa miaka mingi hupinda mifupa. Hapo kwenda chini zaidi kunaweza kukupeleka kwenye floraidi nyingi zaidi, kwa sababu maji yaliyokaa muda mrefu yameulamba mwamba muda mrefu. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na unafanya kazi, mradi uubadilishe unapochoka. Lakini mwenye bati na tangi, kwa maji ya kunywa na hasa ya watoto ambao meno yao bado yanakua, mvua ni nyepesi zaidi.

Bangladesh mambo yalikuwa kinyume. Kuanzia miaka ya 1970 watu walichimbiwa visima vya bomba ili waache maji ya madimbwi yenye kipindupindu na kuhara, na visima hivyo vya kina kidogo vikaja kugundulika vina sumu ya aseniki itokayo ardhini. Kule waliokimbilia chini zaidi, kupita mita 150, wengi walipata maji salama. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema "kirefu ni bora" kabla hajauliza mwamba ni upi.

Mimi ningechaguaje

Kiwanja cha mjini, majirani wamejaa, bahari iko mbali: kama pesa ipo, ningechimba kirefu chini ya mfinyanzi na kuziba vizuri, na ningekubali kuchangia na majirani wawili au watatu. Kisima kimoja kilichojengwa sawasawa ni salama kuliko vinne vya haraka haraka, maana kila tundu bovu linateremsha uchafu kwa wote. Kama pesa haipo, ningeanza na gata na simtanki kwa ajili ya kunywa, na kisima kifupi kwa kazi nyingine.

Karibu na bahari, mvua kwanza, kirefu baadaye sana au kisiwepo. Kama kituo cha mafuta au gereji ipo upande wako wa juu, usinywe maji ya kisima kifupi hata kama choo kiko mbali. Petroli ikivuja huelea juu ya maji ya ardhini, na hayo ndiyo kisima kifupi kinayochota.

Vyovyote utakavyochagua, pima mara mbili: mwisho wa kiangazi, chumvi inapokuwa imepanda, na katikati ya masika, vyoo vinapojaa. Maabara waombe chumvi kwa jumla, naitreti na bakteria wa kinyesi, na floraidi kama uko bara. Kipimo kimoja cha Agosti hakikuambii kitu kuhusu Aprili.

Yule mama wa Mbagala hakukifukia kisima chake, na sikumshauri akifukie. Alikiinulia mdomo kwa matofali, akakiwekea mfuniko wa bati, na akapaka ndoo yake rangi nyekundu ili wajukuu wasiichanganye. Tangi aliliweka upande wa jikoni. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa Septemba. Kijana wake alikuwa juu ya ngazi anakwangua majani makavu kwenye gata, na mama amesimama chini anamwelekeza kwa kidole mahali alipoacha.